Kitana cha Nuru na Upimaji wa Mwendo wa Nyota

Husemwa darasani kwamba dunia hulizunguka jua. Kauli hiyo yatosha kwa mafunzo ya mwanzo, lakini haijakamilika. Kwa hakika dunia na jua huzunguka kitovu kimoja cha tungamo kilichopo kati yao. Kwa kuwa tungamo ya jua ni mara 333,000 hivi ya tungamo ya dunia, na umbali baina yao ni kilometa milioni 150 kwa wastani, kitovu hicho kipo kilometa 450 tu kutoka katikati ya jua, yaani kimezama ndani kabisa ya jua lenyewe. Jua nalo hukizunguka mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi aweza kuukokotoa mwendo huo: mzingo wa duara lenye nusu kipenyo cha kilometa 450 ni kilometa 2,800 hivi; zikigawanywa kwa sekunde za mwaka mzima, ambazo ni milioni 31.6, hupatikana karibu sentimita 9 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kobe.

Hesabu hiyo ndogo ina uzito mkubwa katika falaki ya leo. Sayari iliyo mfano wa dunia, ikizunguka nyota iliyo mfano wa jua, ni hafifu mno kuonekana kwa urahisi, kwani nuru ya nyota yake huifunika. Lakini nyota yenyewe huonekana, nayo huyumba. Anayetaka kujua kama dunia nyingine ipo aweza kuutafuta mwendo huo wa kobe katika gimba ambalo nuru yake husafiri miaka mingi kabla ya kufika hapa. Makala haya yanahusu kipimo kinachotumika kwa kazi hiyo, na hasa swali ambalo aghalabu husahauliwa: kipimo chenyewe kimepimwa kwa nini?

Rangi na mwendo

Nuru ya nyota ikipitishwa katika mche wa kioo, au ikiangukia bamba lenye mikwaruzo myembamba iliyo sambamba, hutawanyika na kuwa ukanda wa rangi uitwao spektra. Ndani ya ukanda huo mna mistari myeusi mingi. Joseph Fraunhofer, fundi wa miwani na lenzi wa Bavaria, aliichunguza kwa makini mistari ya jua kuanzia mwaka 1814. Kila mstari ni alama ya atomu za aina fulani katika anga ya nyota, ambazo hufyonza nuru yenye marudio maalumu. Marudio hapa maana yake ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde moja.

Mwaka 1842 Christian Doppler alieleza kwamba marudio ya wimbi hubadilika kwa mpokeaji ikiwa chanzo chake kinamkaribia au kinamwacha. Nyota inayokaribia, mistari yake husogea upande wa urujuani. Inayokwenda mbali, mistari yake husogea upande wa nyekundu. Kanuni yake kwa miendo midogo ni nyepesi: badiliko la marudio likigawanywa kwa marudio yenyewe ni sawa na mwendo wa nyota ukigawanywa kwa mwendo wa nuru.

Basi na ichukuliwe nuru ya kijani yenye marudio ya mitetemo 550,000,000,000,000 kwa sekunde. Mwendo wa sentimita 9 kwa sekunde ni sehemu tatu tu katika kila sehemu bilioni kumi za mwendo wa nuru. Kwa hiyo marudio hayo makubwa yatabadilika kwa mitetemo 165,000 tu. Ni sawa na kupima njia ya kilometa elfu kumi na kutambua kwamba imepungua milimeta tatu.

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wakitumia darubini ya Haute-Provence nchini Ufaransa, walitangaza sayari ya kwanza kupatikana ikizunguka nyota iliyo mfano wa jua, nyota iitwayo 51 Pegasi. Sayari hiyo ni kubwa, imeikaribia nyota yake mno na huizunguka kwa siku 4 na robo hivi, hata ikaiyumbisha kwa mwendo wa kati ya mita 50 na 60 kwa sekunde. Kwa kazi hiyo walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2019. Kutoka mita 50 hadi sentimita 9 ni safari ndefu, na chombo kiitwacho HARPS, kilichoanza kazi mwaka 2003 katika darubini ya mita 3.6 huko La Silla, Chile, kilifika karibu mita 1 kwa sekunde. Ili kufika hapo, spektrografu hiyo imefungiwa ndani ya ombwe, na halijoto yake huzuiwa isibadilike hata kwa sehemu ndogo ya digrii.

Inafaa kujua jinsi mita 1 kwa sekunde inavyoonekana ndani ya chombo hicho. Spektra huangukia bamba la silikoni lililogawanywa katika vijumba vidogo vipokeavyo nuru, viitwavyo pikseli, na kila kimoja kina upana wa maikromita 15. Nyota ikibadili mwendo wake kwa mita 1 kwa sekunde, mstari wa spektra husogea nanomita 15 hivi juu ya bamba, yaani sehemu moja ya elfu ya pikseli. Kwa mwendo wa sentimita 9, mstari husogea nanomita moja na kidogo, umbali unaolingana na atomu chache za silikoni zilizopangwa mstarini. Bamba likivimba kwa joto kidogo tu, mwanafalaki atadhani ameona sayari.

Rula ya thoriamu

Kwa sababu hiyo spektra ya nyota haisomwi peke yake. Pembeni yake huwekwa spektra ya chanzo kinachojulikana, ili ikiwa chombo kimesogea, vyote viwili vionekane vimesogea pamoja. Kwa miaka mingi chanzo hicho kilikuwa taa ya thoriamu na agoni, na katika vituo vingi bado hutumika. Umeme hupitishwa katika gesi ya agoni, atomu za thoriamu hung'oka kutoka katika kipande cha madini na kuwaka, zikitoa maelfu ya mistari myembamba ambayo marudio yake yamekwisha kupimwa katika maabara.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo la namna hii kwa gharama ndogo. Sahani ya diski ya muziki ina njia zilizopangwa kwa nafasi ya maikromita 1.6, nazo hutawanya nuru kama bamba la mikwaruzo. Sahani hiyo ikishikwa chini ya taa ya mrija ya mtindo wa zamani, gizani, kupitia ufa mwembamba uliokatwa katika karatasi ngumu, itaonekana mistari mikali ya zebaki: wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 546, na wa buluu-urujuani wa nanomita 436. Mistari hiyo miwili ni alama mbili za rula. Taa mpya za LED hazifai kwa jaribio hili, kwani nuru yake ni ukanda usio na mistari mikali. Mwanafunzi akiulizwa ni rangi ya nanomita ngapi iliyo mahali fulani kati ya mistari hiyo, itambidi akisie kwa kugawanya nafasi, akiamini kwamba nafasi hiyo imetawanywa sawasawa.

Shida ya thoriamu ni hiyo hiyo, ila kwa kipimo kidogo zaidi. Mistari yake ni mingi lakini imepangwa na atomu, si na fundi wa rula. Mahali pengine imesongamana hata miwili huonekana mmoja, na mahali pengine mna nafasi tupu. Mmoja huwaka kwa nguvu hata ukafifisha majirani, mwingine hauonekani ila kwa kubahatisha. Mistari ya agoni huyumba kwa mabadiliko ya kanieneo ya gesi. Tena taa huzeeka. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana dunia huchukua mwaka mzima kulizunguka jua, na anayetafuta mfano wake atalinganisha vipimo vya miaka kadhaa. Taa iliyozeeka polepole ndani ya miaka hiyo, kisha ikabadilishwa, huweza kuigiza sayari isiyokuwapo.

Ngoma mia zinazopigwa pamoja

Kilichohitajika ni rula yenye alama zilizopangwa kwa nafasi sawa kabisa, zenye mwangaza unaolingana, na ambazo zingebaki zilezile leo na baada ya nusu karne. Rula hiyo ilipatikana mahali ambapo wanafalaki hawakuwa wakitafuta, katika maabara za saa za atomu. Jina lake ni kitana cha marudio, au kwa ufupi kitana cha nuru, kwa kuwa spektra yake ina meno kama kitana cha nywele.

Chimbuko lake ni leza ya namna maalumu. Ndani ya leza nuru huzunguka kati ya vioo, na kama uzi wa gitaa uliofungwa ncha zote mbili, ni mawimbi yale tu yanayoenea mara kamili katika njia hiyo yanayodumu. Mawimbi hayo ni maelfu kwa maelfu, na marudio yao hupishana kwa hatua moja isiyobadilika. Katika leza ya kawaida kila wimbi hutetema bila kujali wenzake. Lakini iko mbinu ya kuyafunga pamoja. Na wafikiriwe wapiga ngoma mia, wa kwanza akipiga mapigo 100 kwa dakika, wa pili 101, wa tatu 102, na kuendelea. Wakianza pamoja, mara moja watatofautiana na kutakuwa na kelele tu. Ila dakika moja itakapotimia, ngoma zote mia zitalia kwa pigo moja. Baada ya dakika nyingine, tena. Ndivyo inavyokuwa kwa mawimbi ya leza iliyofungwa: hukutana na kutoa mmweko mkali na mfupi mno, kisha hufutana, kisha hukutana tena. Ikiwa njia ya mzunguko ina urefu wa mita 1.2, nuru huizunguka mara milioni 250 kwa sekunde, na mimweko hutoka kwa idadi hiyo hiyo.

Hesabu za Joseph Fourier, zilizomo katika kitabu chake cha mwaka 1822 juu ya joto, zinafundisha kwamba jambo lolote linalojirudia kwa vipindi sawa limeundwa na marudio yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Mimweko inayojirudia mara milioni 250 kwa sekunde, ikitawanywa katika spektra, huwa meno yaliyoachana kwa megahezi 250, si zaidi wala si pungufu.

Lipo tatizo moja lililosumbua kwa muda. Ndani ya kioo cha leza, umbo la mmweko na mawimbi yaliyomo ndani yake havisafiri kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kila mmweko hutofautiana kidogo na uliotangulia. Matokeo yake ni kwamba meno hayaanzii kwenye sifuri bali husogea yote pamoja kwa kiasi fulani. Aliyejifunza kugawanya katika shule ya msingi hatapata taabu kulielewa jambo hili. Marudio ya jino lolote ni namba kamili ikizidishwa kwa hatua, kisha ikajumlishwa na baki:

M = n × r + b

Hapa M ni marudio ya jino, n ni namba yake, r ni idadi ya mimweko kwa sekunde, na b ni baki. Kuijua r si kazi ngumu, kwani vyombo vya kawaida vya elektroniki huweza kuhesabu hadi milioni 250 kwa sekunde. Baki ndilo lililokuwa limejificha.

Njia ya kulifichua ni ya werevu mkubwa, na pengine ndiyo sehemu inayofaa zaidi kuandikwa ubaoni. Huchukuliwa jino la upande wa nyekundu lenye namba n, na nuru yake hupitishwa katika fuwele inayozidisha marudio mara mbili. Hupatikana 2nr + 2b. Kisha hutafutwa, upande wa pili wa kitana hicho hicho, jino lenye namba 2n, ambalo marudio yake ni 2nr + b. La pili likitolewa katika la kwanza, hubaki b peke yake. Utoaji huo haufanywi kwa kalamu. Nuru mbili hizo huangazwa pamoja juu ya kipokezi kimoja, na tofauti ya marudio yao husikika kama mvumo. Wapiga gitaa wanaufahamu mvumo huo: nyuzi mbili zikikaribiana sauti bila kulingana, sauti hupanda na kushuka, na kadiri zinavyolingana ndivyo mvumo unavyopungua kasi.

Sharti lake ni kwamba kitana kiwe kipana kiasi cha kuwa na jino la n na la 2n kwa wakati mmoja, na leza peke yake haitoi upana huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipatikana aina ya uzi wa kioo wenye vitundu virefu ndani yake, ambao mmweko ukipita humo hutanuka kutoka rangi chache hadi karibu upinde mzima wa mvua, bila meno kupoteza mpangilio. Kabla ya hapo, kuhesabu marudio ya nuru kulihitaji msururu wa leza uliojaza vyumba na kuwachosha mafundi. John Hall wa Boulder, Marekani, na Theodor Hänsch wa Garching, Ujerumani, walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2005 kwa upimaji wa nuru kwa usahihi, pamoja na mbinu hii ya kitana. Nusu nyingine ilikwenda kwa Roy Glauber.

Maana yake kwa mwanafalaki ni hii: r na b zote mbili ni marudio madogo yanayoweza kulinganishwa na saa ya atomu ya sesiamu, ambayo mitetemo yake 9,192,631,770 ndiyo maana rasmi ya sekunde moja. Kwa hiyo rangi ya kila jino hujulikana kwa kuhesabu tu. Upimaji wa rangi umegeuka kuwa upimaji wa wakati, na hakuna kitu ambacho binadamu hukipima kwa usahihi zaidi kuliko wakati.

Kutoka maabara hadi darubini

Kitana kilipoletwa kwenye spektrografu, kasoro ya kwanza iliyoonekana ilikuwa ya kustaajabisha: alama zilikuwa nyingi kupita kiasi. Spektrografu ya namna ya HARPS haiwezi kutenganisha mistari iliyokaribiana kuliko gigahezi 5 hivi, na ndani ya nafasi hiyo mna meno yapatayo ishirini ya megahezi 250. Rula yenye alama zilizobanana huonekana kama ubao uliopakwa rangi moja. Dawa yake ni kuyang'oa meno ya kati. Nuru hupitishwa baina ya vioo viwili vinavyotazamana, vilivyopangwa kwa umbali unaoruhusu jino moja katika kila meno 72 na kuyazuia mengine, na kazi hiyo hurudiwa zaidi ya mara moja ili masalia yasibaki. Meno yanayopita huachana kwa gigahezi 18.

Mwaka 2008 kitana kilijaribiwa katika darubini ya jua iliyopo kisiwani Tenerife. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya HARPS: vipimo vya chombo vilirudiana kwa tofauti ya sentimita 2.5 kwa sekunde tu, na njia ya sayari inayozunguka nyota ya HD 75289 ilipimwa upya kwa kitana. Lakini lililo na faida zaidi kwa mwalimu ni jambo lililogunduliwa katika majaribio yaliyotangulia. Meno ya kitana yalionyesha kwamba kila baada ya pikseli 512 alama ziliruka. Bamba la silikoni lilikuwa limechapwa kiwandani kipande kwa kipande, na mahali pa maungo pikseli hazikulingana upana. Taa ya thoriamu, kwa uchache wa mistari yake, ilikuwa imepita juu ya maungo hayo bila kuyaona, na kwa sababu hiyo baadhi ya sehemu za spektra zilikuwa na makosa ya makumi ya mita kwa sekunde. Makosa hayo yalifutana kwa kiasi kikubwa mistari maelfu ilipojumlishwa pamoja, ndiyo maana chombo kilifanya kazi njema miaka yote hiyo.

Barani Afrika nako, kitana chenye nafasi ya gigahezi 15 kilijaribiwa katika spektrografu ya darubini ya SALT huko Sutherland, Afrika Kusini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017.

Mipaka ya kitana

Wako wanaoandika kana kwamba kitana kitagundua dunia ya pili. Kitana hakigundui chochote. Huondoa kisingizio kimoja tu. Vitana vingi vina nuru dhaifu upande wa buluu na urujuani, mahali ambapo nyota za mfano wa jua zina mistari mingi. Nyuzi za kioo zinazotanua mimweko huchakaa. Bei yake ni kubwa na mtambo huhitaji fundi aliye karibu, ndiyo sababu vituo kadhaa hutumia pia vioo viwili vinavyotazamana, vikiangazwa na nuru nyeupe, kuwa rula ya bei nafuu ya kazi za kila usiku.

Kizuizi kikubwa kuliko hivyo ni nyota yenyewe. Uso wa jua huchemka kama uji jikoni: gesi ya moto hupanda kwa mamia ya mita kwa sekunde na iliyopoa hushuka, na madoa meusi huzunguka pamoja na jua. Miendo hiyo haifutani yote. Mwaka 2012 ilitangazwa sayari katika nyota ya Alpha Centauri B, iliyo jirani na jua, kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde uliopimwa na HARPS. Wachunguzi wengine walipozipitia upya data hizo, walionyesha mwaka 2015 kwamba dalili ile ilitokana na jinsi siku za upimaji zilivyopangwa pamoja na mabadiliko ya nyota, na leo sayari hiyo haihesabiwi. Kitana kamili kisingeizuia hukumu hiyo ya haraka. Kingeondoa chombo katika orodha ya watuhumiwa, ili nyota ibaki peke yake kuhojiwa.

Lipo pia jaribio lisilohusu sayari, ambalo bila kitana haliwaziki. Mwaka 1962 Allan Sandage alionyesha kwamba, kwa kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayobadilika, mwendo wa galaksi za mbali nao lazima ubadilike kadiri miaka inavyopita. Badiliko hilo ni la sentimita chache kwa sekunde ndani ya miaka kumi. Darubini kubwa yenye kioo cha mita 39 inayojengwa juu ya mlima wa Armazones, Chile, inakusudiwa kuwa na spektrografu ya kazi hiyo. Atakayepima mara ya kwanza na atakayepima mara ya mwisho huenda wasiwe mtu mmoja, wala vyombo vyao visiwe vilevile. Kitakachowaunganisha ni namba za meno na saa ya sesiamu.

Zoezi

Kitovu cha tungamo cha jua na sayari ya Mshtarii kipo kilometa 742,000 kutoka katikati ya jua, na Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka 11.86. Wanafunzi wakokotoe mwendo wa jua unaotokana na Mshtarii (jibu likaribie mita 12.5 kwa sekunde), kisha waeleze kama kitovu hicho kimo ndani ya jua, ambalo nusu kipenyo chake ni kilometa 696,000. Baada ya hapo wachukue mstari wa kijani wa zebaki wenye urefu wa wimbi wa nanomita 546.1 na kutafuta ni jino la ngapi la kitana cha megahezi 250 lililo karibu nao, wakiliacha baki. Jibu ni takriban 2,196,000.